Mafuta ya Kunukia na Ngozi Yako: Kipimo Kwanza, Harufu Baadaye

SOMO LA AFYA NYUMBANI
Kwa wakazi wote wa Kaunti ya Kwale



Vichupa vidogo vya mafuta ya kunukia vimeingia katika nyumba nyingi. Kuna vya mkaratusi, vya karafuu, vya mchaichai, vya lavenda na vya tii trii. Wauzaji husema huondoa chunusi, hulainisha ngozi, hufuta mabaka na hufukuza mbu. Kwa kuwa hutoka kwenye mimea, wengi wetu huyachukulia kama mafuta ya nazi: tunayamimina kiganjani na kujipaka.

Hapo ndipo matatizo huanza. Ngozi huwaka, hubabuka au hubaki na madoa meusi. Mtoto akikipata kichupa hicho na kukinywa, anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Hata hivyo, yakitumiwa kwa kipimo, baadhi ya mafuta haya yana faida. Somo hili linaeleza jinsi ya kuyatumia kwa usalama na wakati ambao hayafai kutumiwa kabisa.

Baada ya kusoma utaweza:
- kueleza tofauti kati ya mafuta ya kunukia na mafuta ya kawaida ya kupaka;
- kupima na kuchanganya kwa kutumia kijiko cha chai;
- kuyajaribu kwenye ngozi kabla ya kujipaka;
- kuwatambua watu wasiopaswa kuyatumia;
- kujua dalili za ngozi zinazohitaji zahanati wala si mafuta.

1. HAYA NI MAFUTA GANI?

Mafuta ya nazi, simsim, alizeti na mbarika ni mafuta mazito. Hukamuliwa kutoka kwa mbegu au nyama ya tunda, na ukiyadondosha kwenye karatasi huacha doa lisilokauka.

Mafuta ya kunukia ni kitu kingine. Ni ile sehemu ya mmea inayobeba harufu, na ikiachwa wazi huruka hewani. Kwa kawaida hupatikana kwa mvuke. Majani, maua au magome huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha mvuke wa maji ya moto hupitishwa humo. Mvuke huo hubeba harufu ya mmea. Ukipozwa hugeuka kuwa maji, na mafuta huelea juu yake. Mafuta ya ndimu na machungwa mara nyingi hukamuliwa moja kwa moja kutoka kwa maganda.

Majani mengi hutoa mafuta kidogo sana. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kichupa ni nguvu ya mmea mwingi iliyokusanywa pahali pamoja. Kikombe cha chai ya mchaichai hakimdhuru mtu, lakini mafuta ya mchaichai yasiyochanganywa yanaweza kuunguza ngozi.

Wazee wetu wa Pwani walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Katika kusinga bibi harusi, liwa husagwa kwa maji, na asumini na mrehani hulowekwa ndani ya mafuta ya nazi au ya simsim mpaka mafuta yashike harufu. Mafuta yaliyolowekwa maua ni laini, kwa sababu harufu ni kidogo na mafuta mazito ni mengi. Kichupa cha dukani hakina mafuta mazito ndani yake. Ni wewe utakayeyaongeza.

2. MAFUTA YA KUCHANGANYIA

Maji hayafai kwa kazi hii. Mafuta ya kunukia hayayeyuki ndani ya maji. Yataelea juu na kugusa ngozi yakiwa makali vilevile. Kudondosha matone ndani ya beseni la kuogea ni kosa linalofanywa na wengi.

Tumia mojawapo ya haya:

Mafuta ya nazi. Yanafaa kwa mikono, miguu na mwili. Ukiyatengeneza nyumbani kwa kukuna nazi, kukamua tui na kulichemsha, endelea kupika mpaka mafuta yaache kutoa sauti ya maji yanayochemka. Kisha chuja mashapo yote. Maji yakibaki ndani, mafuta yatavunda mapema. Kwa uso wenye chunusi, mafuta ya nazi yanaweza kuziba vitundu vya ngozi na kuzidisha tatizo.

Mafuta ya simsim au ya alizeti. Ni mepesi kuliko ya nazi na yanafaa kwa watu wengi, mradi huna mzio wa simsim.

Mafuta ya mbarika. Ni mazito sana. Changanya kidogo tu pamoja na mafuta mengine, hasa kwa visigino vilivyopasuka.

3. KIPIMO

Hiki ndicho kiini cha somo letu. Tone 1 halina ukubwa mmoja kwa kila kichupa, lakini kwa makadirio mililita 1 ina matone 20. Kijiko cha chai kina mililita 5, yaani matone 100. Kwa hivyo kila tone unaloongeza kwenye kijiko kimoja cha chai ni sawa na asilimia 1.

Kwa mtu mzima mwenye afya:
- Uso: tone 1 kwa kijiko 1 cha chai cha mafuta mazito.
- Mwili, mikono na miguu: matone 2 kwa kijiko 1 cha chai.
- Mafuta makali kama karafuu na mchaichai: tone 1 kwa vijiko 2 vya chai, na yasipakwe usoni.

Ukitaka kutengeneza kiasi cha kutumia kwa siku kadhaa, chukua vijiko 6 vya chai, yaani mililita 30. Kwa uso weka matone 6. Kwa mwili weka matone 12. Usizidishe kwa sababu harufu ni hafifu. Pua huizoea harufu upesi, lakini ngozi haiyazoei makali kwa njia hiyo.

Kipimo hiki kinaokoa pesa pia. Kichupa cha mililita 10 kina takribani matone 200. Ukitumia matone 2 kwa kijiko, kitakutosha vijiko 100. Anayejimiminia kiganjani hukimaliza kwa wiki moja na kujiumiza juu yake.

4. HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kijiko na chupa ya kioo iliyooshwa na kukauka kabisa. Chupa za plastiki nyepesi hazifai, kwani mafuta haya huweza kuila plastiki.

Hatua ya 2. Pima mafuta mazito kwanza, kisha udondoshe mafuta ya kunukia tone moja moja ukihesabu. Kama kichupa hakina kifuniko cha kudondosha, usikisie. Tumia bomba la sindano jipya lisilo na sindano.

Hatua ya 3. Funga na utikise. Andika kwenye chupa jina la mafuta, idadi ya matone na tarehe.

Hatua ya 4. Jaribu. Paka kidogo ya mchanganyiko wako upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Funika kwa plasta au kitambaa safi na usubiri siku 2. Ukihisi mwasho au kuona wekundu, uvimbe au malengelenge, osha na usiyatumie tena. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo gusa pia. Joto, ukakasi na uvimbe mdogo ni dalili tosha.

Hatua ya 5. Kama hakuna lililotokea, paka kiasi kidogo kwenye ngozi safi. Epuka macho, ndani ya pua, midomo, sehemu za siri, na ngozi yoyote iliyochubuka, iliyoungua au yenye kidonda.

5. MAFUTA UTAKAYOKUTANA NAYO

Tii trii. Hutoka kwa mti wenye asili ya Australia, na hauna uhusiano na majani ya chai ya Kericho. Hapa Kenya wakulima wadogo wa upande wa Laikipia wamekuwa wakiulima. Mwaka 1990 watafiti wa Australia walilinganisha jeli yenye asilimia 5 ya mafuta haya na dawa ya kawaida ya chunusi. Yote mawili yalipunguza chunusi. Tii trii ilichelewa kuonyesha matokeo, lakini ilisababisha madhara machache zaidi. Jaribio lilichukua miezi 3, kwa hiyo usitarajie uso kubadilika kwa siku 3. Mchanganyiko wa nyumbani ni hafifu kuliko jeli ile, lakini usijaribu kuifikia. Jeli hiyo ilitengenezwa kwa vipimo vya maabara.

Lavenda. Wengi huipenda kwa harufu yake tulivu. Ngozi za watu wengi huivumilia, ingawa wako wanaopata mzio. Ijaribu kama mafuta mengine.

Mkaratusi. Hutumiwa zaidi kwa kuchua misuli kuliko kwa urembo. Usiyapake usoni. Ni hatari kubwa kwa watoto, kama tutakavyoona.

Karafuu. Jirani zetu wa Unguja na Pemba ni mabingwa wa zao hili. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujeno, ambayo hutia ganzi. Kwa sababu hiyo ngozi inaweza kuungua kabla hujahisi maumivu. Tumia kidogo mno au uyaache.

Mchaichai. Hunukia vizuri na huwafukuza mbu kwa muda mfupi, kisha harufu huruka na mbu hurudi. Hayachukui nafasi ya neti iliyotiwa dawa. Katika kaunti yenye malaria kama yetu, lala ndani ya neti kila usiku, hata ukiwa umejipaka.

Mrehani wa kafuri. Wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega huulima na kuukamua kwa mvuke ili kutengeneza dawa ya kuchua. Ni mfano mzuri wa mmea wetu kuwapa watu kipato na kuupumzisha msitu. Lakini kafuri haifai kwa watoto wadogo.

6. JUA LETU NA NDIMU

Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa maganda ya ndimu, limau na bagamoti yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Ukijipaka kisha utoke nje, ngozi huweza kuungua na kutoka malengelenge, na baadaye kubaki na madoa meusi kwa wiki au miezi. Hata maji ya ndimu yenyewe hufanya hivyo. Wanaojipaka ndimu usoni ili wang'ae mara nyingi hujiongezea mabaka waliyotaka kuyaondoa.

Kama umetumia mafuta ya jamii ya ndimu, kaa mbali na jua kwa angalau saa 12. Kwa hali yetu ya Pwani, ushauri rahisi zaidi ni kutoyapaka kabisa sehemu zinazopigwa na jua.

Kumbuka pia kwamba mafuta ya nazi wala ya kunukia hayawezi kutegemewa kuzuia jua. Ndugu zetu wenye ualbino wasiyatumie badala ya losheni ya kujikinga. Losheni hiyo hutolewa kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulizia katika hospitali iliyo karibu nawe.

7. WASIOPASWA KUYATUMIA

Watoto chini ya miaka 2. Ngozi yao ni nyembamba na mapafu yao ni madogo. Kwao tumia mafuta mazito pekee, kwa mfano ya nazi au ya alizeti. Mafuta ya mkaratusi, mnanaa au kafuri yakipakwa puani au kifuani mwa mtoto mchanga yanaweza kumbana pumzi.

Wajawazito na wanaonyonyesha. Wasiyatumie bila ushauri wa muuguzi au daktari. Anayenyonyesha asipake chochote chenye harufu kwenye matiti.

Wenye pumu, kifafa au ukurutu. Harufu kali inaweza kuamsha pumu. Mkaratusi na kafuri havifai kwa mwenye kifafa. Ngozi ya mwenye ukurutu huhitaji mafuta yasiyo na harufu.

Tunajua kwamba mara nyingi anayempaka mtoto si mama peke yake. Bibi au shangazi huleta kichupa kwa mapenzi ya dhati. Unaweza kumwambia kwa adabu: "Shikamoo mama. Tumeambiwa kliniki kwamba mafuta haya ni makali kwa mtoto, yanaweza kumkata pumzi. Naomba tumpake ya nazi tu mpaka akue." Mkubwa hashindwi kuelewa akielezwa sababu kwa heshima.

8. YALE AMBAYO MAFUTA HAYATIBU

Gharama kubwa ya mafuta haya ni muda unaopotea. Mtu hujipaka miezi 6 huku ugonjwa ukiendelea. Nenda zahanati ukiona haya:

Baka lisilo na hisia. Baka lililopauka au jekundu, ambalo ukiligusa kwa unyoya huhisi chochote, linaweza kuwa dalili ya ukoma. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Ukicheleweshwa huharibu neva, na mtu huweza kupoteza vidole au uwezo wa kuona. Usilifunike kwa mafuta.

Mwasho mkali usiku. Kama watu kadhaa nyumbani wanajikuna, hasa kati ya vidole na viunoni, huenda ni upele. Lazima nyumba nzima itibiwe kwa pamoja.

Mashilingi. Baka la duara lenye kingo zilizoinuka, liwe kichwani au mwilini, ni la ukungu. Lina dawa yake, na la kichwani huhitaji dawa ya kumeza.

Kidonda kisichopona kwa wiki 2, au doa linalobadilika ukubwa, rangi au umbo.

Ngozi iliyoharibiwa na krimu za kujichubua. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya. Mafuta ya kunukia juu ya ngozi iliyochubuliwa hivyo huiunguza zaidi. Acha krimu na umwone daktari, bila aibu.

9. KUNUNUA NA KUHIFADHI

- Soma kibandiko. Kiwe na jina la mmea, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuhakikisha nambari ya kibali kwa kutuma herufi SM, alama ya reli na nambari hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.
- Usidanganywe na neno "asili". Upupu nao ni wa asili.
- Manukato ya kutia hewani si mafuta ya ngozi, hata kama yananukia vivyo hivyo.
- Chupa iwe ya kioo chenye rangi nzito, ifungwe vizuri na ikae mahali pa baridi pasipo jua. Hewa na joto hubadilisha mafuta, na yaliyozeeka husababisha mzio zaidi. Yakishapita mwaka tangu kufunguliwa, au harufu ikibadilika, usiyapake tena.
- Yaweke mbali na jiko. Hushika moto upesi.
- Yafungie mahali asipofika mtoto. Dirishani si mahali pa kuyaweka.

10. AJALI IKITOKEA

Kwenye ngozi: pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha uoshe kwa sabuni na maji mengi.

Machoni: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini.

Yakinywewa: usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitalini mara moja hata kama anaonekana mzima, na ubebe kichupa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto.

JIPIME

Swali la 1. Una vijiko 3 vya chai vya mafuta ya alizeti na unataka kupaka mikono na miguu. Utaweka matone mangapi ya lavenda?

Swali la 2. Kijana anapaka mafuta ya ndimu asubuhi kabla ya kwenda kuvua. Kosa liko wapi?

Swali la 3. Jirani ana baka mgongoni lisilo na hisia. Anakuomba tii trii. Utamwambia nini?

Majibu

1. Matone 6. Kwa mwili ni matone 2 kwa kila kijiko.
2. Jua la baharini litaamsha kemikali za ndimu na kumuunguza ngozi.
3. Mwambie asipake chochote, na umsindikize zahanati wiki hii. Akihofia maneno ya watu, mkumbushe kwamba ukoma hauambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, na aliyeanza dawa hawezi kuwaambukiza wengine.

Ukiwa na swali, muulize muuguzi wa zahanati yako au mhudumu wa afya ya jamii anapokutembelea. Mwonyeshe kichupa chenyewe. Ukimaliza kusoma, mpe jirani jarida hili, na leo hii kiangalie kichupa chako kilipo. Kama mtoto anaweza kukifikia, kihamishe kabla ya kulala.